Mama Mwalimu Anajibu: Mali ya mwanamke wa Ugiriki ilikuwa mkononi mwa nani?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu juu ya michezo ya Olimpia ya zamani, kwamba mwanamke aliyeolewa alikatazwa hata kusogelea kiwanja siku za mashindano, basi simu haijalala tena tangu hapo. Wengine wameandika, wengine wametuma sauti (wewe baba wa Goma uliyetuma sauti ya dakika kumi na moja, nimeisikiliza yote, lakini usirudie), na mama mmoja alinikamata mlangoni mwa kanisa hapa Lubumbashi akaniuliza maswali manne kabla sijafungua mwavuli. Nimechagua haya hapa chini, na sikuyapanga kwa cheo cha mtu, nimeyapanga vile nilivyoyafungua.

SWALI: Prof alituambia mwanamke wa Athens alikuwa sawa na mtoto mbele ya sheria mpaka anakufa. Ni kweli ama alikuwa anatutisha tu? Miye niko nasomea sheria. (Mwanafunzi, Kamalondo, Lubumbashi)

Prof hakukosea mwanangu, ila aliikata hadithi katikati. Athens ile ya miaka ya 400 na 300 K.K. kila mwanamke alikuwa na mwanaume wa kumsimamia, walimwita kyrios, yaani mwenye mamlaka. Ukizaliwa kyrios ni baba, ukiolewa ni bwana, baba akifa mapema ni kaka au baba mdogo, na ukifiwa na bwana ukiwa mtu mzima basi yule kijana uliyemzaa mwenyewe ukamfuta makamasi ndiye anakuwa msimamizi wako. Tribinalini husemi, unasemewa. Kura hakuna. Na biashara ilipimwa: mwanamke haruhusiwi kufanya mapatano yanayopita bei ya medimno moja ya shayiri, kipimo cha kama lita 52 hivi. Tunaijua sheria hiyo kwa sababu avoka mmoja wa zamani, Isaeus, aliitaja kwenye kesi ya urithi, na katika sentensi ile mtoto na mwanamke anawataja kwa pumzi moja. Prof wako njo alitoa pale.

Lakini usicheke haraka. Sheria ya familia ya kwetu Kongo, ile ya 1987, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kabla ya kuweka sahihi kwenye jambo lolote la kisheria linalomfunga, na ruhusa hiyo haikuondolewa mpaka 2016. Mimi miaka ya tisini nilienda benki moja ya hapa mjini kufungua akaunti ya mshahara wangu wa ualimu, wangu mwenyewe, wakaniuliza karatasi ya bwana, na bwana alikuwa Kolwezi. Nikarudi nyumbani na falanga zangu zimefungwa kwenye kitambaa. Kwa hiyo mimi nikisoma habari ya kyrios sioni mambo ya ajabu ya watu wa kale, naona kile kiti cha plastiki nilichokalia asubuhi yote.

Sasa kile alichokiacha prof. Mwaka 451 K.K. Pericles, kiongozi wa Athens, alipitisha sheria kwamba mtoto hawezi kuwa raia wa Athens isipokuwa baba NA mama wote wawili ni wa Athens. Zamani baba alitosha. Kuanzia hapo yule mama asiyesema tribinalini akawa ndiye karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, bila yeye kijana hapigi kura, harithi shamba, hana kitu. Na sheria ilimrudia mwenyewe aliyeitunga. Pericles aliishi na Aspasia, mwanamke wa Miletus, mgeni, wakazaa kijana. Ugonjwa mkubwa ulipoingia Athens ukamuulia vijana wake wawili wa ndoa, akabaki na yule wa Aspasia tu ambaye kwa sheria ya baba yake hakuwa raia, ikabidi awaombe wenzake wamhurumie, na wakampitishia. Hiyo kesi weka kwenye kazi yako, wataipenda.

SWALI: Mama Mwalimu jambo. Mu buku ya mtoto wangu wameandika kama bamama wa Ugiriki walifungiwa mu nyumba, hawatoki. Miye nauza sombe na sambaza pale Kadutu tangu 2003, sasa nauliza paka kitu moja: kama bamama wote walifungiwa, nani alikuwa anauza mboga? (Mama wa soko, Bukavu)

Dada yangu, swali lako linapita buku ya mtoto. Wale walioandika kwamba mwanamke mwema anakaa ndani walikuwa wanaume wenye mashamba na watumwa. Mwandishi Xenophon kwa mfano anamleta mtu mmoja aitwaye Ischomachus, tajiri, anajisifu vile alivyomfundisha bibi yake kazi za nyumba, na huyo bibi aliolewa hajafika miaka 15, kwao alilelewa aone kidogo, asikie kidogo, aulize kidogo. Anamwambia wee uwe kama malkia wa nyuki, kaa ndani, gawa kazi, simamia wanaofuma, pokea vinavyoingia, panga vyungu na viatu kila kimoja mahali pake. Sawa. Lakini ili ukae ndani lazima awepo mtu wa kumtuma kisimani na sokoni, yaani mtumwa, na maskini hana. Hata Aristotle, mwanafalsafa ambaye hakuwa mpole kwa wanawake, anauliza kwenye kitabu chake cha siasa: utawazuiaje bibi za maskini wasitoke? Hakuna njia, na yeye aliona hivyo.

Basi walitoka. Waliuza mkate, mboga, sufu, mataji ya maua, na watu wa maigizo waliwacheka. Aristophanes hakuchoka kumtania mwenzake Euripides kwamba mama yake aliuza mboga, ni kama vile leo mtu amwambie deputé mama yako aliuza lengalenga barabarani, wengine wanacheka, wengine wanatamani kumpiga.

Ila kesi ninayoipenda ni ya karibu mwaka 345 K.K. Mtu mmoja, Euxitheus, alifutwa kwenye daftari la raia la kijiji chake. Sababu mojawapo waliyotoa adui zake: mama yako anauza riboni sokoni na zamani alinyonyesha mtoto wa watu kwa malipo, hizo ni kazi za wageni na watumwa, kwa hiyo mama si wa hapa na wewe pia si wa hapa. Sikia vile alivyowajibu. Kwanza akasema ndiyo, mama anauza riboni, ni umaskini, vita vilituharibia, baba hakuwepo. Halafu akawakumbusha kwamba iko sheria inayokataza kumtukana raia, mwanaume au mwanamke, kwa sababu anafanya kazi sokoni. Na mwisho akawabana kabisa: mgeni akiuza sokoni analipa kodi ya wageni, sivyo? Basi fungueni hesabu za kodi mtuonyeshe kama mama yangu aliwahi kuilipa. Unaona? Miaka 2,300 na zaidi imepita, na jeton ya soko, ile risiti ya kodi, tayari ilikuwa ushahidi tribinalini. Wewe zako unazitunza?

Na maji pia. Vyungu vya Athens vya kuelekea mwaka 500 K.K. vimechorwa wanawake wengi wako kwenye nyumba ya chemchemi, mitungi kichwani, wanapiga soga wakingoja zamu. Toa mtungi weka bidon ya njano, ni nyinyi.

SWALI: Niko na miaka 29, nataka kuoa, wakwe wamenipa lisiti ya dote ya kurasa mbili, mbuzi, vitenge, suti ya baba, mpaka mabati. Wagiriki wa zamani walilipa ngapi? Nataka niwaonyeshe wakwe. (Kijana, Ndosho, Goma)

Mdogo wangu, ukiwaonyesha utaongezewa mabati. Zamani sana, katika mashairi ya Homer, mwanaume ndiye alileta mali, na kwenye Iliad kuna neno zuri la mabinti, wanaitwa wenye kuleta ng'ombe, yaani binti akiolewa zizi la baba linajaa. Mtu wa Masisi akisikia hiyo hahitaji mkalimani.

Lakini Athens ya baadaye iligeuza. Baba wa binti ndiye analipa. Kwenye maigizo ya Menander baba anasema nakupa binti huyu kwa kulima watoto wa halali (ndiyo, kulima, walisema hivyo mbele za watu bila haya), kijana anasema napokea, halafu baba anaitaja dote, na hapo kijana anapokea kwa sauti kubwa zaidi. Msichana mwenyewe haulizwi, mara nyingi ana miaka 14 au 15 na bwana anakaribia 30.

Sasa hapa ndipo napenda wasomaji wangu wakae vizuri, maana watu wengi wanasoma hadithi ya dote wanaona ni bei. Haikuwa bei. Ile mali bwana anaitumia, anailimia, anaifanyia biashara, lakini si yake. Ndoa ikivunjika, haijalishi nani ana kosa, dote inarudi na mwanamke kwao, na ukichelewesha unalipa faida ya asilimia 18 kwa mwaka. Ndiyo sababu wakwe walidai shamba liwekwe rehani kabla harusi haijafika, na waliweka jiwe pale shambani limeandikwa kwamba ardhi hii imefungwa kwa ajili ya dote ya binti wa fulani. Mawe hayo yamefukuliwa mengi. Sisi tunaandika ukutani kwa rangi nyekundu parsela hii haiuzwi, wao walichonga. Kwa hiyo mwanaume mwenye madeni alifikiri mara mbili kabla ya kumfukuza bibi, si kwa upendo, kwa asilimia 18.

Usidhani lakini kwamba mwanamke alishika ile mali. Ilitoka kwa kyrios huyu ikaenda kwa kyrios yule na yeye yuko katikati kama bahasha. Angalia Hipparete, bibi ya mwanasiasa wa Athens aitwaye Alcibiades, aliyeleta dote kubwa sana. Bwana alikuwa mtu wa wanawake wa nje, analeta mpaka nyumbani. Sheria ilimruhusu mwanamke kuomba talaka ila ilibidi aende mwenyewe kwa afisa wa mji na karatasi yake, basi akaenda, na mwandishi Plutarch anasimulia kwamba Alcibiades alimkamata palepale akambeba akipita naye katikati ya soko mpaka nyumbani, na hakuna mtu aliyethubutu kumzuia. Alirudi akakaa mpaka akafa. Watu wazima wote wale sokoni wanatazama!

Na kama baba amekufa hana mtoto wa kiume, binti anabeba urithi kama mtu anayebeba mzigo wa mwingine: ndugu wa karibu wa baba, mara nyingi baba mkubwa au mdogo, anamdai amwoe ili shamba lisitoke kwenye ukoo, hata kama msichana tayari ameolewa kwingine na hajazaa. Kwetu kuna makabila yanayorithi mjane, wao walirithi binti. Shamba halikuwa lake, lilimsubiri mtoto wake wa kiume. Na kwa vile walijua baba mdogo mzee anaweza kuoa kwa tamaa ya shamba tu, Solon, mtunga sheria wa zamani wa Athens, aliweka sheria kwamba lazima alale naye mara tatu kwa mwezi. Nimeandika nilivyoikuta, tafadhali msinitumie sauti.

Euripides mwaka 431 K.K. alimweka Medea kwenye jukwaa analalamika kwamba sisi wanawake tunanunua bwana kwa mali nyingi, halafu ndiye anakuwa bwana wa mwili wetu, na kwamba afadhali kusimama vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Aliyeyatamka ni mwanaume aliyevaa sura ya bandia, maana jukwaani pia mwanamke hakupanda.

SWALI: Mimi ni mzee wa zamani, nilikua Kasenga wakati Wagiriki bado wananunua samaki ya Luapula. Bibi zao niliwaona wanakaa dukani wanashika kasa. Kumbe walianza lini? (Mzee, Lubumbashi)

Baba, polepole. Wanawake wa Ugiriki walipata kura ya bunge mwaka 1952, yaani wale uliowaona Kasenga mama zao labda hawakupiga kura hata siku moja. Na ile dote niliyomwambia kijana wa Goma ilikaa kwenye sheria za Ugiriki mpaka 1983. Ndiyo, 1983, mimi nilikuwa tayari nafundisha.

SWALI: (nimefupisha ile sauti ya dakika 11) Mwanamke wa Kigiriki akikamatwa na mwanaume mwingine, sheria ilisemaje? Na kama ni mwanaume amekamatwa? (Baba wa familia, Himbi, Goma)

Baba, nakuletea kesi yenyewe, imeandikwa na Lysias, mwandishi wa hotuba za tribinalini, uamue. Bwana Euphiletos ana nyumba ndogo ya ghorofa moja, wanawake wanalala juu na wanaume chini. Mtoto akazaliwa, bibi akawa anashuka ngazi usiku kumwosha, bwana akaona ataanguka, basi wakabadilishana, bibi na mtoto chini, bwana juu. Usiku mmoja bwana amerudi kutoka shamba bila kutegemewa, mtoto analia chini, bwana anamwambia bibi shuka umnyonyeshe. Bibi anakataa, anamtania, eti unataka niende ili ubaki na kijakazi, wanacheka, anatoka anafunga mlango kwa nje kama mchezo. Bwana analala. Usiku anasikia milango inalia. Asubuhi anauliza, bibi anasema taa ya mtoto ilizimika nikaenda kuomba moto kwa jirani. Bwana ananyamaza, ila anaona kitu: bibi ana poda usoni, na kaka yake bibi hajamaliza siku 30 kaburini.

Siku nyingine bwana akaambiwa kwamba mwanaume wa bibi yake yumo ndani, akakusanya majirani na mienge, akamkuta huyo mtu, Eratosthenes, akamuua. Tribinalini akajitetea kwamba sheria inamruhusu kumuua aliyemkuta juu ya bibi yake. Na iliruhusu kweli. Bibi hakuuawa lakini ilibidi aachwe, bwana akikataa kumwacha anapoteza haki za raia, na mwanamke yule haruhusiwi tena kuingia mahekaluni kwenye sadaka za mji wala kuvaa mapambo, akiingia yeyote anaweza kumpiga, asiue tu. Kumbuka hekalu na sikukuu ndizo zilikuwa nafasi yake kubwa ya kuonekana nje.

Ama mwanaume akikamatwa? Akikamatwa na bibi ya mtu yamemkuta ya Eratosthenes. Akiwa na kijakazi wake, au malaya, au rafiki wa kulipwa wa kwenye karamu, hakuna kesi. Msemaji mmoja, kwenye kesi ya mwanamke aitwaye Neaira, aliwaambia waamuzi bila kupepesa: tuna marafiki wa kike kwa ajili ya raha, masuria kwa huduma ya mwili ya kila siku, na bibi kwa kuzaa watoto halali na kulinda nyumba. Waamuzi walikuwa mamia ya wanaume. Naona uliuliza sehemu ya pili haraka haraka, mwisho wa dakika ya kumi.

SWALI: Nafundisha timu ya mpira ya mabinti hapa Lubumbashi, wazazi wananisumbua eti michezo inaharibu tumbo la kuzaa. Nilisikia Sparta mabinti walikimbia? (Kocha, Katuba)

Walikimbia, walirusha mkuki, walipigana mieleka, na sababu yao ilikuwa kinyume kabisa na ya wazazi wako: Sparta, mji mwingine wa Ugiriki, iliamini mama mwenye mwili wa nguvu anazaa askari mwenye nguvu. Kwa hiyo usijidanganye kwamba walikuwa wanapenda uhuru wa msichana, walipenda jeshi. Lakini matokeo ni matokeo. Binti wa Sparta aliolewa amekomaa, si wa 14, na aliruhusiwa kushika ardhi yake mwenyewe, hapa narudi tena kwenye lile neno langu la mali. Aristotle alikasirika kuandika kwamba karibu sehemu mbili kwa tano za nchi yote ya Sparta ziko kwa wanawake. Mwanamke mwenye ardhi anaongea, wageni wengi walishangaa vile wanavyoongea mbele ya wanaume. Gorgo, bibi ya mfalme Leonidas, aliulizwa na mgeni kwa nini nyinyi peke yenu mnawatawala wanaume wenu, akajibu kwa sababu ni sisi peke yetu tunazaa wanaume.

Kyniska, dada wa mfalme Agesilaus, alitumia ile mali kufuga farasi. Kwenye mbio za magari ya farasi mshindi ni mwenye farasi, si anayeendesha, hivyo mwaka 396 K.K. akashinda Olimpia, mwaka 392 akashinda tena, kwenye kiwanja kile ambacho wanawake walioolewa walikatazwa kukanyaga. Akasimamisha sanamu na maandishi kwamba ni mwanamke wa pekee katika Ugiriki yote kupata taji hili. Na palepale Olimpia kulikuwa na mbio za wasichana kwa heshima ya mungu wa kike Hera, walikimbia kiwanja kilekile kimepunguzwa sehemu moja ya sita, nywele zimeachwa, bega la kulia wazi, mshindi anapewa taji la mzeituni na nyama ya ng'ombe. Nyama ya ng'ombe, kocha. Waambie viongozi wa timu.

Lazima niseme pia nani alipika wakati mabinti wa Sparta wanakimbia. Kulikuwa na maheloti, watu waliotekwa na kufungwa kwenye mashamba kizazi kwa kizazi, na wanawake zao walifanya yale ambayo bibi wa Sparta hakufanya. Hao hakuna aliyewachongea jiwe.

SWALI: Kama mungu wao mkubwa wa mji alikuwa mwanamke, Athena, vipi waliwadharau wanawake? (Bagira, Bukavu)

Watu wanaweza kumpigia magoti mama yule na kumfokea mama huyu, uliza jumapili yoyote. Ila kazi ya dini ilikuwa ya wanawake kweli. Kuhani mkuu wa Athena alikuwa mwanamke, wa ukoo mmoja maalumu, mpaka kufa kwake, na mmoja wao, Lysimache, alihudumu miaka 64. Kule Delphi wafalme walisafiri kumuuliza mtabiri mwanamke, Pythia, kama waende vitani. Na kila mwaka, majira ya kupanda, wanawake wa Athens walifanya Thesmophoria, siku tatu za mungu wa kike Demeter, wanaume marufuku, wanalala nje kwenye vibanda, siku moja wanafunga, siku moja wanatukanana matusi mazito kwa makusudi, na gharama analipa bwana. Hapo bwana hakuuliza wanafanya nini.

SWALI: Mbona hatujui majina yao? Wanaume tunawajua wote. (Binti wa sekondari, Goma)

Mwanangu, mama yako anaitwa nani mtaani? Mama Furaha, mama Bahati, sivyo? Jina lake la kweli labda wanalijua wakwe na padri. Athens walikwenda mbali zaidi, kumtaja mwanamke mwema kwa jina mbele ya watu ilikuwa kama kumvua nguo. Mawakili tribinalini wanasema bibi ya fulani, mama ya fulani, na wakimtaja mwanamke aliye hai kwa jina, mara nyingi ni kwa kumchafua. Mwanahistoria Thucydides anamwandika Pericles mazishini, vita vimemaliza mwaka wa kwanza, wajane wamesimama pale, anawaambia utukufu wenu mkubwa ni kutotajwa sana na wanaume, kwa wema au kwa ubaya. Na huyu ndiye aliyekuwa na Aspasia nyumbani, ambaye Athens nzima ilimtaja kutwa.

Njo maana waliotufikia ni wa namna mbili, waliosemwa vibaya na walioandika wenyewe. Sappho wa kisiwa cha Lesbos, karibu mwaka 600 K.K., aliimba kuhusu wasichana, wivu, maapulo yaliyobaki juu ya mti kwa sababu wavunaji hawakuyafikia. Wasomi wa Alexandria walipanga nyimbo zake kwenye vitabu tisa. Leo umebaki wimbo mmoja mzima na vipande vipande, vingine vimetoka Misri kwenye karatasi za mafunjo zilizotupwa jalalani. Huko Krete, Gortyn, wao walichonga ukutani sheria kama mistari 600, na humo mwanamke akiachwa anaondoka na mali yake na nusu ya nguo alizofuma, na binti anarithi nusu ya kaka. Nusu si sawa, lakini iko kwenye jiwe na ni yake. Athens wangecheka.

SWALI: Mimi ni mkunga, nimezalisha zaidi ya miaka ishirini huku Kivu. Nauliza kama kulikuwa na mwenzangu. (Mama mkunga, Bukavu)

Alikuwepo, dada, na huyu jina lake tunalo. Anaitwa Phanostrate, aliishi Athens miaka ya 300 K.K. Wanaume madaktari wa wakati ule waliandika vitabu vizima kuhusu magonjwa ya wanawake, humo wanasema tumbo la uzazi likikauka linatembea mwilini, linapanda mpaka ini, dawa yake ni kuzaa. Yeye hakuandika kitu. Alizalisha. Kwenye kaburi lake wamechonga kwamba ni mkunga NA daktari, maneno yote mawili, la pili kwa umbo lilelile wanalotumia kwa wanaume, amelala hapa, hakumuumiza mtu, na wote walimlilia alipokufa. Kwenye lile jiwe amekaa kwenye kiti, na watoto wamemzunguka.